Bodi Ilikuwa Yangu

Siku ile ya kuniaga, nyinyi vijana wa kitengo cha wateja mliniomba niwaambie siri ya kudumu kazini. Nilitabasamu tu kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Sasa niko nyumbani, hakuna foleni wala mteja anayenifokea, basi nitajaribu. Vyeo na mshahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mshahara nao vilevile. Nitaeleza namna nilivyofanya kazi na watu wasionitaka, maana niliwaona baadhi yenu mkinuniana kwa sababu ya kiti kilicho karibu na feni, nikasema moyoni, hawa hawajaona kitu.

Niliingia kwenye mtambo wa simu wa Jinja nikiwa msichana, wakati wa serikali ya kijeshi. Simu za mbali zilipita mikononi mwetu. Mbele yako kulikuwa na bodi, yaani ubao mrefu wenye matundu, kila tundu na laini yake. Taa ikiwaka unachomeka waya, unauliza mtu anamtaka nani, unachomeka waya wa pili kwa yule anayetakiwa. Hapo mtu wa Jinja na mtu wa Mbale wanaanza kusalimiana, na wewe umekaa katikati yao na visikizio kichwani. Ukipenda kusikiliza, utasikiliza. Hakuna atakayejua.

Aliyenifundisha ni Madamu Perpetua, mama wa Kisoga, mnene, mwenye sauti ya msichana wa kwaya. Alinifundisha kukaa wima ili sauti isibanwe. Alinifundisha kula kabla ya zamu, kwa kuwa tumbo likinguruma linasikika mpaka Tororo. Alinizuia kabisa kuchomoa plagi kwa kuvuta waya. "Shika shingo yake, Zaitu," alikuwa akiniambia. "Ukivuta mkia, waya inakufa ndani kwa ndani, na nje bado inang'aa." Wengine walinifundisha kazi kwa kunikaripia, yeye alinifundisha kwa mkono wake juu ya mkono wangu. Nilimpenda kama mama mdogo.

Baba yangu alikuwa na bucha Kimaka, akiwauzia nyama wanajeshi. Sisi ni Waislamu, na Kiswahili tulikisema nyumbani na dukani bila kukifikiria. Wenzangu kazini walikijua kidogo, lakini kwao kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya "lala chini" na "toa kitambulisho." Kwa hiyo simu za kambini zilisukumwa kwangu. "Zaitu, watu wako hao," waliniambia. Watu wangu! Mimi nilikuwa na baba, shangazi na mbuzi wawili tu.

Baadaye wakaja watu wa usalama na visikizio vyao wenyewe. Walivuta kiti, wakakaa kando ya opereta waliyemtaka, wakasikiliza. Walinisalimia kwa Kiswahili, nami niliitikia, kwa sababu kutoitikia kulikuwa na hatari yake. Tangu hapo, nikiingia chumbani mazungumzo yalikatika kama bomba lililofungwa. Nami nikaanza kumtazama kila mmoja, nikijiuliza nani kati yetu anapeleka maneno. Hata Madamu Perpetua nilimtazama, halafu nikajionea haya.

Vita vilipofika, wakombozi kutoka Tanzania waliingia mjini, na watu wa Jinja wakasikia kwa mara ya kwanza askari akisema "samahani" na "tafadhali." Wengine walidhani ni mtego. Mimi niliitwa kuwatafsiria. Wenzangu wakasema, "Juzi alikuwa wa wale, leo ni wa hawa." Ilitosha kunitia hatarini, maana siku zile watu walilipizana visasi mchana kweupe. Mkubwa wangu aliniita akaniambia niende Mbale, huko hanijui mtu. Maskini, hakujua kwamba sifa mbaya haingoji basi.

Mbale nilifika na sanduku moja na mswala. Nilipanga chumba Namatala, mahali ambapo hakuna anayekuuliza umetoka wapi, kwa kuwa naye hataki kuulizwa. Asubuhi nikaenda kazini. Mkuu wa zamu alikuwa Madamu Nambozo, Mgisu, mwanamke mrefu mwenye sauti tulivu ambayo wateja waliipenda. Nilikuwa nimejifunza salamu ya kwao njiani, nikasema, "Mulembe." Hakunijibu. Aliwageukia maopereta wengine wawili akawaambia kwa Kiganda, lugha tuliyoitumia kazini, "Huyu ndiye yule wa Jinja."

Wale wawili wakageuza viti vyao, wakanipa migongo.

Nilipewa bodi ya mwisho, iliyo karibu na dirisha lisilofunga. Siku moja nilivaa visikizio vyangu, nikaweka mdomo kwenye kinasa sauti, midomo ikawaka moto. Pilipili. Siku nyingine nilikuta kikombe changu kimetumiwa kwa gundi. Kila asubuhi nilichemsha chai ya chumba kizima, nikanywa mimi kwanza mbele yao kama mwonjaji wa mfalme. Hawakuigusa. Ilimwagwa dirishani kila siku, na maua ya chini yake yakastawi kuliko yote mjini.

Msidhani mimi peke yangu ndiye niliyeshukiwa. Nami niliwashuku. Siku moja mmoja wao aliniwekea sahani ya malewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wagisu huyapika kwa karanga, chakula chao cha heshima. Niliyageuzageuza kwa kijiko, nikanusa, nikaangalia nani ananiangalia. Sikula. Labda yalikuwa malewa tu. Ndivyo tulivyoishi, kila mtu akilinda sahani yake.

Mtu pekee aliyezungumza nami alikuwa fundi Wekesa, Mkenya wa Bungoma aliyevuka mpaka kabla ya vita akaoa huku akabaki. Alikuwa mlokole, Kiswahili chake kimenyooka, na alikuwa na kicheko kikubwa. Alinitandikia katoni safi katika chumba cha betri ili nipate mahali pa kusali. Nilimshukuru, kisha nikakaa siku nyingi nikijiuliza ni nani aliyemtuma awe mwema kwangu.

Ni yeye aliyenieleza. "Dada, yule mama hakuchukii bure. Ndugu yake alikuwa anafanya kazi Jinja. Alipiga simu huku kwa rafiki yake, mambo ya kahawa ya magendo, ile iliyokuwa inapita mlimani kwenda kwetu Kenya. Kesho yake akachukuliwa. Hajaonekana tena. Madamu anaambiwa kwamba opereta Mwislamu wa Jinja, anayejua Kiswahili, ndiye aliyesikiliza akapeleka."

"Anaambiwa na nani?"

"Na watu."

Huyo Watu nimemtafuta maisha yangu yote nimkamate kola ya shati.

Nilirudi chumbani kwangu nikalia kwa hasira. Nilitaka kumwendea Nambozo nimwambie si mimi. Lakini ni nani aliyewahi kupeleka maneno akakiri? Hata mpasha habari wa kweli angesema si mimi. Neno langu halikuwa na thamani. Nikaona kitu pekee nilichobaki nacho ni namna ninavyoishi mbele yake kila siku. Basi nikaendelea kusema mulembe kila asubuhi, nikijibiwa na ukuta. Nilimwombea Nambozo kwa jina lake baada ya kila swala, mwanzoni nikiwa nimeuma meno. Alipopata kikohozi nilipokea laini zake bila kuombwa, na alipopona hakusema asante. Nilijitahidi nicheke angalau mara moja kwa siku, na kwa hilo namshukuru Wekesa, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya sana.

Serikali siku zile zilibadilishana kama zamu, na kila iliyoingia ilileta wanajeshi wake. Mchana mmoja mkubwa wa kambi ya Mbale alitaka kuongea na Kampala. Laini za Kampala zilikuwa tabu kuzipata. Niliipata, nikamuunganisha, nikasikia wamesalimiana. Muda wa swala ya adhuhuri ulikuwa unapita, na laini ilikuwa imetulia, basi nikaenda chumba cha betri. Nilipotoka, waya wa Kampala ulikuwa umelala mezani kama nyoka aliyekufa. Nambozo alikuwa amesimama karibu na bodi yangu, mkono wake unarudi mfukoni.

Tulitazamana. Nikaichomeka plagi, nikaita Kampala, lakini laini ilikuwa imekwenda.

Landrova haikuchelewa. Waliingia askari watatu na mwenye cheo mbele yao.

"Nani nakata simu ya mukubwa?"

Taa za bodi ziliwaka, hakuna aliyezipokea. Wale wawili walinitazama mimi. Nambozo alitazama sakafu.

"Hii bodi ya nani?" akauliza tena.

"Bodi ni yangu, afande," nikasema.

"Wewe nakata?"

"Hapana. Nilikuwa nasali."

"Sasa nani nakata?"

"Afande, bodi ni yangu. Ukiuliza, uniulize mimi."

Wakanichukua. Nilipopanda Landrova niliwaona wenzangu dirishani, na kama ningeambiwa nichore sura ya Nambozo wakati ule, nisingejua niichore vipi.

Kambini niliketishwa chini, kwenye jua, mbele ya ofisi. Askari aliyepita alinipiga teke la mgongo bila hata kusimama, kama mtu anayeondoa jiwe njiani. Baadaye nikaitwa ndani. Yule mwenye cheo alinikalisha akaniuliza maswali, nami nikayajibu. Kila nilivyojibu alizidi kukunja uso.

"Kiswahili yako ni muzuri sana," akasema. "Wewe najifunza wapi?"

"Nyumbani, Jinja."

"Jinja wapi?"

Nikasema Kimaka. Akatikisa kichwa taratibu. "Kimaka. Kwa wanajeshi. Hii Kiswahili ni ya wale watu ya zamani. Wewe nafanya kazi na wao."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kwa wenzangu nilikuwa mpasha habari wa jeshi, na kwa jeshi nilikuwa mabaki ya adui. Kiswahili kile kile kilinichongea pande zote mbili. Nilijua watu waliotolewa nje ya chumba kama kile wasirudi kwao.

Kisha akabadilisha sauti, akawa mpole. "Mama, mimi hapana taka wewe. Wewe sema jina moja tu, halafu nakwenda nyumbani."

Jina lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Sitawadanganya. Nililiona lote, Nambozo, na nikaona namna siku zangu zitakavyokuwa rahisi bila yeye. Nikaona pia kwamba angetendewa jambo lile lile lililomfika ndugu yake. Tena, niliona nini hasa? Niliona mkono unaoingia mfukoni. Sikuona mkono ukivuta waya. Madrasa tulifundishwa kutoshuhudia tusichokiona, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeteswa muda wote ule na watu walioshuhudia wasichokiona. Kama ningelitaja lile jina, Watu angekuwa mimi.

"Afande," nikasema, "sikuona mtu."

Akaamuru nirudishwe juani.

Jua likiwa limeanza kulegea nikamwona fundi Wekesa anaingia getini kwa miguu, kofia mkononi, akiwapigia saluti mpaka wapishi. Alikuwa ameshika waya. Akamwonyesha yule mwenye cheo mahali ulipokatika, nyuzi zimetoka nje. "Afande, tazama. Waya hii imezeeka, spea hakuna tangu vita. Inakatika yenyewe. Hawa kina mama wanaonewa bure." Alieleza habari ya shaba na risasi ya kulehemu na joto mpaka yule mtu akachoka. Nikaachiliwa kwa onyo, tukatoka wote wawili.

Njiani nilimuuliza, "Fundi, waya ule ulikatika lini?"

Akacheka kile kicheko chake. "Dada Zaitu, mimi ni mlokole. Usiniulize maswali ya kunitoa kwenye wokovu."

Mnaweza kudhani kwamba asubuhi iliyofuata nilipokelewa kwa vigelegele. Niliingia, nikasema mulembe, na mmoja wa wale wawili akamnong'oneza mwenzake, bila kupunguza sauti sana, "Si unaona? Amerudi mzima. Kule wanamjua." Nambozo aliondoa kiti chake, akakiweka mbali zaidi. Kwa nini mtu niliyemnyamazia anikimbie hivyo? Sikuelewa. Nilirudi Namatala nikajilaza, na kwa mara ya kwanza nilifikiria kuacha kazi. Sikuacha, kidogo kwa imani, kidogo kwa kuwa sikuwa na pa kwenda.

Ulipita muda mrefu. Serikali ilibadilika tena, na safari hii bunduki zikaanza kunyamaza upande wetu. Sukari ikarudi madukani. Mchana mmoja tulibaki wawili tu kwenye bodi, mimi na Nambozo. Akasema, bila kugeuka:

"Siku ile, kwa nini hukunitaja?"

"Sikukuona, madamu."

"Unajua ni mimi."

"Ninadhani. Sijui."

"Nilitaka wakuchukue," akasema. "Nilitaka usirudi. Halafu ulipopanda ile gari nikatapika." Sasa akageuka. "Ni wewe uliyemsikiliza ndugu yangu?"

"Si mimi."

"Ni nani?"

"Sijui. Lakini yupo mtu wa kumuuliza, na nimeogopa kumuuliza miaka yote hii. Ukitaka, tutakwenda wote."

Alifikiri mwezi mzima, nami sikumkumbusha. Huenda alishuku kwamba nampeleka mahali pabaya. Siku ya kusafiri alikuja stendi na shemeji yake, akaniangalia, kisha akamwambia shemeji arudi nyumbani.

Madamu Perpetua alikuwa amestaafu, anakaa Walukuba, kule kule Jinja, kwa mwanawe. Alikuwa amekonda. Tulimkuta kibarazani anamenya maharage mabichi. Alinikumbatia, akaniita Zaitu wake. Nikamtambulisha mgeni wangu, nikataja jina la ndugu yake, nikamuuliza kama anakumbuka simu ile. Nilisali moyoni aseme hapana.

"Ninaikumbuka," akasema. "Niliunganisha mimi. Mtu wa usalama alikuwa amekaa hapa, bega kwa bega, na visikizio vyake. Nilijua anasikiliza. Kijana akaanza kuongea habari ya kahawa. Nilitaka kukohoa. Nilitaka kukata. Yule mtu aliweka mkono wake juu ya mkono wangu." Akatazama maharage. "Sikukata."

Nambozo aliinuka, akatoka uani. Nilidhani ameondoka. Mimi nilibaki nimetazama ile mikono iliyonifundisha kazi, sijui niishike au niiache. Nilisikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika kwa muda, kisha bomba likafungwa. Nambozo akarudi, uso umelowa, akaketi pale pale alipokuwa.

"Endelea," akasema. "Alisema nini kingine?"

"Wewe mama, unataka kusikia?"

"Sauti yake ya mwisho uliisikia wewe. Niambie."

Perpetua akafumba macho. "Baada ya kahawa walitaniana. Rafiki yake alimuuliza ataoa lini. Akacheka sana. Akasema msichana amekubali, atamleta nyumbani mavuno yakiisha. Kagoya, mwenye duka la vitambaa Iganga."

"Amekubali?" Nambozo akauliza. "Alikuwa anaoa?"

"Ndivyo alivyosema."

Katika safari ya kurudi Mbale Nambozo hakumtaja Perpetua wala mtu wa usalama. Alikuwa na jambo moja tu. Kagoya ni nani? Ni mtu wa ukoo gani? Alijua kilichompata mchumba wake, au bado anangoja? Tulipokaribia Mbale alinishika mkono. "Zaituni," akasema, jina ambalo hakuwahi kulitia kinywani, "wewe unajua watu wa Busoga. Nisaidie kumtafuta."

Haikuwa kazi ngumu. Tulikuwa wafanyakazi wa simu. Opereta wa Iganga alijua duka, akatuma mtu kumwita, na siku iliyofuata, mchana, akaniambia Kagoya yuko kwenye laini. Nambozo aliketi kwenye kibanda cha wateja, simu ameishika kwa mikono miwili. Nilichomeka waya. Nikasikia sauti ya mwanamke inasema, "Nani?" na Nambozo anajibu, "Mimi ni dada yake."

Nikavua visikizio, nikaviweka mezani, nikatoka nje, nikafunga mlango.